Pua Yangu na Tangi la Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Matangi sita kabla ya saa mbili asubuhi. Kwanza macho: glasi juu, kwenye mwanga wa dirisha. Halafu pua. Halafu ulimi. Halafu natema kwenye ndoo. Ndivyo Mzee Ladislas alivyonifundisha na ndivyo ninavyofanya, mwaka wa kumi na moja sasa. Tangi la kwanza, nyekundu, safi. La pili pia. La tatu lina harufu kidogo ya mpira, divai ikipata hewa itaondoka. La nne, nyeupe, limau na majani ya mpera. Nzuri kabisa.

Sijipaki mafuta yenye harufu. Kitunguu sikigusi kabla ya saa sita. Wenzangu wanaojaza chupa wananiita Madamu Pua. Sijali. Divai inatoka Afrika Kusini ndani ya mifuko mikubwa, inashuka Dar es Salaam, inapanda malori mpaka hapa Quartier Industriel, mtaa wa viwanda. Njiani jua, mitikisiko, kungoja mpakani siku nzima. Mtu lazima aseme kama ilivyofika bado ni divai. Mtu huyo ni mimi.

Saa tatu akaingia Thierry, mkwe wa Mzee. Mzee miguu imemkataa, anakaa nyumbani, na depo hii ya divai amemwachia mume wa binti yake. Thierry amesomea divai Ubelgiji. Cheti amekitundika ofisini kabla hajaleta hata kiti. Anajipuliza manukato mpaka inabidi nisubiri atoke ndipo niendelee kunusa. Aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia hapa. Akacheka, mdomo umefungwa.

Nilichukia. Nikaendelea na kazi.

Jumatano, 4 Septemba

Ameleta karatasi yenye duara lenye majina ya harufu kwa Kifaransa. Anataka nichague humo tu. Groseille. Sijawahi kuona groseille, sijui kama inaota juu au chini. Nikaandika mapera. Akafuta mbele yangu na kalamu nyekundu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nisipoandika nitapasuka.

Leo Thierry aliwaalika wateja wakubwa. Madamu Goreth, anayenunua vinywaji vya hoteli moja kando ya ziwa. Wanaume wawili wenye kumbi za harusi. Meza katikati ya depo, kitambaa cheupe juu yake. Wenzangu wa chupa waliambiwa wasimamishe mashine waje wajifunze. Hata Shabani, fundi wa mashine, alisimama pale na tambara la grisi mkononi.

Glasi mbili mbele yangu, moja nyeupe, moja nyekundu. Thierry akasema kwa sauti tamu, "Mama Neema, tuelezee."

Nikainua ya kwanza kwenye mwanga. Nikanusa. Nikasema limau, majani ya mpera, mwishoni asali kidogo. Wakatikisa vichwa. Nikainua ya pili. Rangi ya damu ya ng'ombe, imekolea, nzuri. Nikanusa. Nikasema matunda meusi. Pilipili manga. Moshi. Nikanusa tena, nikainua kidevu kidogo kama ninavyofanya nikiwa na hakika, nikasema ngozi ya kiatu kipya. Thierry aliniacha niongee. Aliniacha mpaka nilipomaliza kabisa. Hata aliniuliza kiatu cha aina gani.

Halafu akageukia wageni. "Ni divai moja. Zote mbili ni tangi la nne, nyeupe. Hii nimetia rangi ya keki."

Walicheka. Wanaume wa kumbi walicheka mpaka mmoja akashika meza. Madamu Goreth alifunika mdomo na mkono lakini mabega yalikuwa yanaruka. Vijana wa chupa nao. Shabani hakucheka. Aliangalia chini.

Nilifumba macho nikarudisha pua kwenye ile glasi nyekundu. Limau. Majani ya mpera. Limau tupu, ilikuwa imekaa mle muda wote. Pilipili manga ilikwenda wapi? Dakika moja kabla niliinusa. Naapa niliinusa, kama ninavyonusa moshi wa mkaa wa jirani sasa hivi. Sikubuni. Sikutaka kumfurahisha mtu. Na ndicho kinachoniua: sikudanganya, na nilichosema hakikuwa kweli.

Thierry alimaliza kwa kusema depo ilikuwa ikiendeshwa na mazoea, sasa itaendeshwa na elimu. Alikuwa ananionyesha kwa kidole.

Namchukia. Naandika tena. Namchukia.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijala. Neema amepika maharage, nimeyaangalia tu. Ana miaka kumi na sita, ananijua. Hakuniuliza kitu mpaka saa nne, halafu akauliza, nikamwambia yote.

Hakunionea huruma. Alikwenda sokoni hapa Kamenge akarudi na nanasi, chungwa, maracuja zile pasheni, na beterave, kile kiazi chekundu kinachochafua vidole. Akakamua kila kimoja. Akanifunga macho kwa kitenge na kunipa vikombe. Nilipata vyote. Hata aliponichanganyia maracuja na chungwa nilipata. Akafungua kitenge. Akaleta vikombe vipya, vingine vya maji ya njano, vingine vya maji mekundu. Kwenye kimoja chekundu nilisikia tunda la damu, lile lenye ngozi chungu. Lilikuwa nanasi. Alitia matone ya beterave tu.

Tukarudia. Nilijua anatia beterave. Nilimwona akitia! Bado, nikifungua macho, tunda la damu. Nikifunga, nanasi. Kufungua, kufunga. Kujua hakusaidii kitu. Macho yanaiambia pua la kunusa, na pua inatii kama askari.

Neema naye nikampa vikombe, macho wazi, naye akaanguka vilevile. Alicheka sana. Mimi nilipiga kikombe ukutani. Kilikuwa cha plastiki, hakikuvunjika, na hilo pia lilinikasirisha.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeondolewa kwenye matangi, na koti langu jeupe la kuonjea limechukuliwa. Sasa naosha chupa zinazorudi, uani, pamoja na akina mama vibarua. Matangi anaonja Thierry mwenyewe.

Maji ya sabuni mpaka kwenye viwiko. Kila chupa nanusa mdomo wake kabla ya kuizamisha. Siwezi kuacha. Moja ilikuwa na petroli, mtu alibebea kwa ajili ya pikipiki yake. Nikaitenga. Mwenzangu akasema weka tu, itaoshwa. Nikamfokea. Halafu nikamwomba msamaha. Si yeye.

Shabani alipita kuchukua ufunguo wa mashine. Yeye ni mtu wa Buyenzi, baba yake alikuwa fundi, babu yake fundi. Miaka kumi na mitano anajaza chupa za divai na hajawahi kuweka tone moja mdomoni. Alichuchumaa karibu nami akasema, "Mama Neema, ile siku ata mi nilisikia arufu ya kiatu."

Nilimwuliza kama ananitania.

"Apana. Ulisema kiatu, mi nikaangalia ile rangi, nikasikia kiatu. Watu boote balisikia. Banacheka tu."

Hakuna aliyesema hivyo siku ile. Hakuna hata mmoja.

Alhamisi, 12 Septemba

Joto kali. Umeme umekatika tangu juzi na jenereta haina mazuti. Mashine za kupoza matangi zimelala. Tangi la nne liko upande wa ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa.

Nilipita pale kupeleka makreti. Pua ikasimama. Pomu zilizooza, yale matufaha yanayotupwa chini ya meza sokoni. Na juu yake harufu ya rangi ya kucha. Na chini kabisa siki. Nikapanda ngazi nikafungua kifuniko. Mpira wa kifuniko umepasuka, hewa inaingia. Divai iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kahawia, kama chai iliyosahaulika.

Nilikwenda ofisini na ndala zangu zenye maji. Nikamwambia Thierry, tangi la nne limekufa, litaondoka na wateja wote. Hakuinua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Na ngozi ya kiatu umeisikia pia?"

Hilo tu. Akaendelea kuandika.

Sasa naelewa alichoninyang'anya. Koti jeupe ni kitambaa. Kazi ya kuosha chupa ni kazi, sioni aibu. Amechukua neno langu. Hata nikisema moto unawaka, nitaulizwa kama ni moto wa kiatu.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa nilikwenda Carama kwa Mzee Ladislas. Amekaa nyuma ya nyumba, miguu juu ya stuli, anaangalia shamba lake dogo la mahindi. Amepungua. Alifurahi kuniona, akaita niletewe fanta. Binti yake hakuwepo, nashukuru.

Nilimweleza habari ya zile glasi mbili. Alianza kucheka na mimi nikataka kuondoka. Akanishika mkono.

"Kaa. We unafikiri yeye hakuanguka?"

Kumbe ule mchezo unajulikana. Kule shuleni kwao Ubelgiji wanafanyiwa wanafunzi wote, wiki za mwanzo. Wanapewa nyeupe iliyotiwa rangi, wanaandika karatasi nzima za matunda mekundu. Thierry alimwandikia mchumba wake barua ndefu ya aibu, binti akamsomea baba yake, wakacheka wote hapa hapa nyuma ya nyumba. Yeye alisema cherry na chokoleti. Mwalimu aliwaambia kila mtu anaanguka, hata mwalimu mwenyewe. Lilikuwa somo. Waliambiwa, basi kuweni wanyenyekevu.

Kila mtu anaanguka. Alijua. Alisimama pale na kitambaa chake cheupe akijua kwamba hakuna binadamu ambaye asingesema kiatu. Alilichukua somo lililomfundisha kunyenyekea akanipiga nalo usoni.

Nilikunywa fanta yote bila kupumzika. Nilikuwa naogopa kufungua mdomo mbele ya mgonjwa. Halafu nikamweleza habari ya tangi la nne. Mzee akaacha kucheka. Akasema ataongea naye. Akasema, "Lakini ni mume wa mutoto wangu, Mama Neema. Nitaongea naye polepole."

Polepole. Divai haiozi polepole kwenye joto hili.

Jumanne, 17 Septemba

Shabani alikuja uani saa sita. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo. Nilidhani amejikata.

Ni rangi. Asubuhi Thierry alimpa bidoni mbili za rangi ya chakula na magunia ya sukari, akamwamuru avitie tangi la nne na kukoroga. Kahawia imepotea ndani ya wekundu, hakuna anayeweza kuiona. Chupa mpya zimefika, nzito, nyeusi, zina kitako kirefu kilichobonyea chini. Etiketi za dhahabu: Grande Réserve Rouge. Zitakwenda kwenye kumbi za harusi, na zaidi ya zote kwenye hoteli ya Madamu Goreth.

Nikamwambia twende kwa Mzee, sasa hivi, sote wawili. Wewe umeona, mimi nimenusa.

"Mama Neema, apana. Mi niko na batoto bane. Na mama yangu."

"Na mimi nina nani? Nina mbwa?"

"We ulishafukuzwa kwa matangi. Mi bado."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia unaswali mara tano kwa siku na mikono hiyo. Alisimama akiyaangalia maji ya sabuni. Akasema, "Mi nabeba pombe ya watu, siinywi, Mungu anajua. Sasa juu ya pombe na uongo tena." Akaondoka.

Nina hasira na Thierry. Nina hasira na Shabani. Nina hasira nami mwenyewe kwa yale maneno. Zote zinachemka sufuria moja, siwezi kuzitenganisha.

Alhamisi, 19 Septemba

Umeme umerudi, wametoa chupa ya kwanza. Thierry akawapa vijana wa mashine waonje. Niliwatazama kupitia dirisha. Walishika ile chupa nzito, wakaipima mkononi, wakasoma dhahabu. Mmoja akasema ni kali ya wazungu. Mwingine akasema anasikia mbao. Mbao! Tangi ni la plastiki. Akina mama wenzangu nao wakaonjeshwa, wakasema tamu.

Siki ile ile. Naisikia kutoka hapa nilipo, hatua ishirini, na upepo unanipa mgongo.

Hasira yangu ikawageukia watu. Wajinga, nilisema moyoni. Halafu nikakumbuka ile glasi. Nikasafisha chupa nyingine.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefukuzwa. Naandika yote kwa mpangilio kwa sababu kichwa kinaruka.

Saa nne akafika Madamu Goreth kuchagua divai ya harusi kubwa ya kesho hotelini. Meza ile ile, kitambaa kile kile. Thierry alimimina Grande Réserve, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha. Madamu alionja. Nilimwona akitikisa kichwa polepole, anaitafutia maneno. Akasema ina nguvu. Thierry akasogeza karatasi ya oda na kalamu.

Sikupanga kuingia. Miguu iliingia. Nilikuwa na aproni ya mpira, inachuruzika.

"Madamu, samahani. Kabla hujatia saini, inuse macho yamefungwa."

Alinitazama. "Wewe si ndiye yule wa kiatu?"

"Ndiye mimi. Nilianguka mbele yako. Kwa hiyo nakuambia, funga macho."

Thierry akasema, "Toka." Nikasema, "Nikitoka, muulize yeye alisema nini shuleni alipopewa glasi kama yangu. Alisema cherry. Alisema chokoleti. Kila mtu anaanguka, Madamu, na yeye alijua siku ile alipokuchekesha."

Thierry alibadilika rangi. Hakukana. Madamu Goreth aliona kwamba hakukana. Ni mwanamke ambaye hapendi kuchezewa, na alimtazama muda mrefu. Akavua skafu shingoni akajifunga mwenyewe. Akasema, "Leteni glasi tatu, hii iwemo. Shabani alete, hakuna mwingine."

Shabani alileta glasi tatu. Mashine ilikuwa imezimwa, sijui nani aliizima.

Ya kwanza akasema nyekundu, nzuri. Ilikuwa nyekundu, tangi la kwanza. Ya pili akasema nyeupe. Ilikuwa nyeupe. Ya tatu alinusa, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyechomwa na mvuke wa sufuria.

"Hii ni nini? Pomu zimeoza. Siki. Ni nyeupe, imekufa."

Akafungua skafu. Akaiona glasi mkononi mwake, nyekundu, imekolea, inang'aa. Akanusa tena macho wazi. Akafumba. Akafumbua. Nilijua kinachompata. Nilikipata jikoni kwangu na beterave. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Nikiiangalia inakuwa nzuri tena." Aliiweka glasi mezani kwa uangalifu, mbali naye, kama kitu chenye ugonjwa.

Akamwambia Thierry, "Sasa wewe. Funga macho."

"Mimi ni mtaalamu, Madamu. Sina haja ya michezo ya watoto."

"Ulikuwa na haja nayo siku ile."

Hakufunga. Madamu akageuka kwa Shabani. Akamwuliza ndani ya tangi la nne kuna nini. Shabani alinitazama mimi kwanza. Halafu akaiangalia mikono yake. Ile rangi haijatoka, imekaa kwenye mistari ya viganja.

"Ni nyeupe, Madamu. Iliharibika. Rangi nimetia mi mwenyewe, na hii mikono. Aliniambia, nikafanya."

Madamu Goreth aliichana oda. Aliondoka bila kuniaga, bila kuniangalia. Thierry alitufukuza wote wawili palepale, kwa Kifaransa, sauti imepanda kama ya mtoto. Nilivua aproni nikaiacha juu ya kile kitambaa cheupe. Maji yakasambaa.

Nje, getini, nilimwomba Shabani msamaha kwa yale maneno ya Jumanne. Akasema, "Yalikuwa ya kweli." Nikasema hayakuwa. Tukasimama juani. Halafu kila mmoja akashika njia yake.

Jumamosi, 21 Septemba

Nilidhani nitafurahi. Hapana.

Mama mmoja niliyekuwa naosha naye chupa amenipita sokoni, hakunisalimu. Hoteli imekataa kila kitu cha depo, hata zile nzuri. Vibarua wameambiwa wasije wiki ijayo. Nimesema kweli na wao ndio watakaokaa nyumbani.

Kosa hilo nalo ni la Thierry. Lakini mimi ndiye niliyepitwa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mzee Ladislas alipiga simu saa tano. Amekwenda depo, amebebwa kwenye kiti. Amekaa pale mpaka tangi la nne likamwagwa lote. Anasema mtaro wote wa barabara ulikuwa mwekundu, watu wakatoka viwandani kuangalia. Amemrudisha Shabani, mashine haiendi bila yeye. Vibarua watarudi Alhamisi. Thierry ameondolewa kwenye matangi, atakaa mjini na makaratasi. Ni mkwe. Hawezi kumtupa.

"Na wewe rudi, Mama Neema. Koti lako lipo."

Nikasema nitarudi. Ila kwanza Thierry aite wale wale: Madamu Goreth, wanaume wa kumbi, vijana wote wa chupa. Asimame pale pale aseme alijua. Aseme naye alianguka.

Mzee alipumua ndani ya simu. "Umeshinda. Unataka nini tena?"

Umeshinda! Kama tulikuwa tunacheza karata. Wale watu wamelala wiki mbili wakijua mimi ni mwanamke wa Uvira, wa ng'ambo ya mpaka, anayebuni harufu. Nani atawatoa hilo vichwani? Nilimwambia Mzee siku njema. Ni mara ya kwanza kumkatia simu.

Ijumaa, 27 Septemba

Hakuna simu.

Thierry ametuma ujumbe. Neno moja. "Pole." Pole ya nini? Mtu anaambiwa pole akiwa na malaria. Pole inasema kitu kimenipata. Haisemi nani alikifanya.

Nimeufuta. Halafu nimekasirika kwa kuufuta, nilitaka kumwonyesha Neema.

Neema anasema nimekuwa nafoka hata nikiomba chumvi. Ni kweli. Nilimfokea tena aliposema hivyo.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa saba. Udongo wa uani umelowa, harufu yake imejaa nyumba nzima.

Shabani alikuja saa nane na mwavuli wa mkewe. Alikaa kwenye benchi mlangoni. Jana, anasema, Mzee aliwaita wote depo. Madamu Goreth alikuja, na mmoja wa wale wanaume wa kumbi. Vibarua wote. Thierry alisimama mbele yao. Alianza kwa Kifaransa. Mzee akamkatiza, akamwambia aseme kwa Kiswahili, hata mama wa kufagia asikie.

"Akasemaje?" nilimwuliza.

"Alisema, mi pia nilianguka ku shule. Nilijua kila mutu anaanguka. Mama Neema hakukosea kuliko mi. Akaangalia chini. Akasema basi."

Madamu Goreth aliuliza matangi yataonjwa na nani. Mzee akasema jina langu. Madamu akasema sawa, akaondoka. Oda hajatoa bado.

Nilimwuliza Shabani kwa nini hawakuniita. Yalikuwa yangu, yale maneno. Miezi yote iliyobaki ya maisha yangu nitayasikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Mzee alisema ungekuja na hasira."

Nilifikiri. Ningekuja nayo, ndiyo. Ningekaa mbele kabisa nayo.

Nilimwekea chai. Alikunywa vikombe viwili, akaniambia mtoto wake wa mwisho ameota jino, akaaga akaenda kuswali. Neema alirudi kutoka shuleni na viatu mkononi, miguu tope tupu. Alikula akalala kidogo. Nilikaa karibu naye nikisikiliza matone yakianguka kutoka kwenye bati.

Nitaanza Jumatatu. Nimefua nguo za kazi na kuzianika kwenye kamba ya nyuma. Jua limetoka kidogo upande wa ziwa. Mvua isiporudi, zitakauka.